Je, Ubaya Umo Kikombeni?



Mwezi wa Juni, baada ya Misa ya Jumapili, ndugu yetu mmoja alibaki nyuma kanisani hapa Chidya. Watu wengine walikuwa nje wakisalimiana, naye akatujia sisi tulio katika baraza la kanisa akiwa na swali. Ndugu huyu alikunywa pombe miaka mingi. Jambo hilo linajulikana kwa kila mtu, wala yeye mwenyewe halifichi. Msimu mmoja aliuza korosho zake kwa kangomba zingali mtini, ili apate ya kunywea. Na watoto wake wakakaa nyumbani wenzao walipokwenda shule. Sasa ni zaidi ya mwaka hajaigusa. Akatuambia hivi:

“Ndugu zangu, mlinifundisha kwamba pombe inaniharibu, niikimbie. Nami nimeikimbia. Lakini kila Jumapili ninyi wenyewe mnaniletea kikombe mdomoni, na harufu ile naifahamu. Je, nikinywa ndiyo nakosa, au nisiponywa ndiyo nakosa?”

Tulimjibu upesi. Mmoja wetu alisema kwamba iliyo kikombeni baada ya kuwekwa wakfu si divai tena bali ni Damu ya Bwana. Mwingine alisema kwamba ni tone tu, haliwezi kumlevya mtu. Akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Jumapili iliyofuata, wakati wa Komunio, alibaki ameketi mahali pake. Na iliyofuata vile vile. Hapo tukatambua kwamba tulimjibu kama wanafunzi wanaojibu mtihani, wala hatukumjibu yeye.

Ikawa kwamba mwezi wa Agosti watano kati yetu tulikuwa na safari ya kanisa kwenda Dodoma. Tulivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, tukafika Dar es Salaam, na kutoka huko tukapanda treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Wazee wetu wangestaajabu. Tangu Askofu Steere alipowaleta Masasi watu waliokombolewa katika utumwa, mwaka 1876, divai ya altare zetu ilikuwa kitu cha kutoka ng’ambo ya bahari. Na sisi tuliozaliwa huku kwenye mikorosho tulikuwa tumeipokea maisha yetu yote bila kuuona mzabibu hata mmoja. Tukasema: swali la ndugu yetu ni la divai; basi na twende tukaone divai inatoka wapi.

Wenyeji wetu walikuwa Waanglikana wa Dayosisi ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1927, mwaka mmoja tu baada ya dayosisi yetu ya Masasi. Lakini sisi tulilelewa na mapadre wa UMCA, na wao walilelewa na CMS, na baadaye ukawafikia Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao mafundisho yake juu ya pombe ni makali. Wengi wao hawaonji kabisa. Hatuna budi kukiri kwamba huku kwetu tumezoea kuwacheka kidogo watu wa namna hiyo, tukiona kwamba wanaogopa kitu ambacho Bwana wetu mwenyewe alikitengeneza Kana ya Galilaya.

Mwenyeji wetu alitupeleka kwa mama mmoja mwenye shamba upande wa Hombolo. Alitupokea kwa salamu ya Kigogo, “Mbukwenyi!”, akatutembeza kati ya mistari ya mizabibu iliyofungwa kwenye nyaya, kama kamba za kuanikia nguo. Nchi ile ni kavu. Mvua huja mara moja kwa mwaka, toka Desemba hadi Aprili hivi, nayo haifiki kiasi tunachopata sisi. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia ndio waliopanda mizabibu yao Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, wapate divai ya Misa. Na baada ya uhuru Serikali ikalihimiza zao hilo kwa wananchi. Basi zao lote lile, pamoja na viwanda vyake na biashara yake, mwanzo wake ni kikombe cha altare. Jambo hilo lilitupa kufikiri.

Mama yule alitueleza mambo mawili ambayo hatukuyajua. La kwanza ni kupogoa. Katika nchi za baridi mzabibu hulala wakati wa kipupwe, ukapukutisha majani, ukapumzika. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, hivyo mkulima ndiye anayeulaza kwa kuukata matawi. Akishapogoa, baada ya miezi minne hivi anavuna. Kwa njia hiyo mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka, mavuno ya Februari na Machi, na mavuno ya Agosti na Septemba. Usipokatwa unaota majani mengi ya kupendeza, na matunda yanakuwa haba. Tulitazamana, maana hotuba za Yohana 15 tumezisikia mara nyingi, lakini hatukuwa tumewahi kukishika kisu chenyewe mkononi.

La pili ni ugonjwa. Majani na vichala hupatwa na ubwiri unga, na mkulima hana budi kupuliza salfa. Hapo tulicheka kwa furaha, kwani ubwiri unga na salfa ni mambo ya kwetu! Mkulima wa korosho wa Masasi na Newala anayajua kama anavyojua jina lake. Tangu wakati huo mama yule hakutuona tena kuwa wageni.

Mmoja wetu akamwuliza kama divai yake ni tamu. Akajibu, “Sijui, wanangu. Mimi nimeokoka. Nalima zabibu, divai sinywi.”

Tukanyamaza. Kisha mzee mmoja katika kundi letu, asiyeweza kuficha jambo moyoni, akamwuliza: “Mama, usituone wakorofi. Ikiwa ni mbaya, mbona unailima? Na ikiwa ni njema, mbona huinywi?” Mama hakukasirika. Alisema kwamba zabibu ni tunda, watu wanalila hivi hivi, wanalikausha, wanalikamua; yeye amepewa shamba, hakupewa koo la kila mtu. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba marehemu kaka yake alikufa kwa ulevi, na ulevi wenyewe haukuwa wa divai, ulikuwa wa pombe ya mtama. “Mtama nao naulima,” akasema. “Nifanyeje? Niache kula ugali?”

Kesho yake tulikwenda kiwandani. Vichala vilikuwa vikishushwa toka kwenye magari, vingi vikiwa zabibu nyekundu ziitwazo Makutupora, kwa jina la mahali palipo na kituo cha utafiti wa zabibu. Mashine huvipokea, ikaziondoa zabibu katika vikonyo na kuzipasua. Kwa divai nyeupe, maji ya zabibu hukamuliwa mara moja na maganda huwekwa kando. Kwa divai nyekundu, maji huachwa pamoja na maganda, kwa kuwa rangi imo gandani. Kisha chachu huanza kazi yake. Chachu ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari na kuacha kileo na hewa ya kaboni. Watu walitengeneza divai maelfu ya miaka bila kujua jambo hili, mpaka mtaalamu Mfaransa Louis Pasteur alipolionyesha katika karne ya kumi na tisa. Fundi alitwambia hesabu yake: kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja hutoa kileo cha asilimia moja. Zabibu iliyoiva vizuri ina gramu 200 na zaidi katika lita, ndiyo sababu divai hufika asilimia 12 au 13. Na chupa moja ya kawaida humeza zaidi ya kilo moja ya zabibu.

Tuliinama kusikiliza kwenye tangi. Ilikuwa ikichemka bila moto, kwa mlio kama wa mvua ya mbali juu ya mabati. Fundi akatuvuta nyuma taratibu. Hewa itokayo pale, alisema, ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Hukaa chini, na mtu akiingia ndani ya tangi au chumba kisicho na madirisha anaweza kuanguka na kufa bila kunusa chochote. Zamani watu walitanguliza taa. Taa ikizimika, mtu haingii.

Tulimwuliza: mkiiacha tu, itakuwaje? Tulidhani atasema kwamba itazidi kuwa kali. Kumbe sivyo. Akasema: “Ikiachwa wazi inakuwa siki. Divai haikai yenyewe. Maji ya zabibu yanataka kuchacha, na yakishachacha yanataka kuwa siki. Kazi yetu sisi ni kuilinda hapo katikati.” Ndiyo maana wanaitenga na hewa, wanaitoa katika machicha yake na kuihamishia tangi jingine, wanapima joto, wanatia salfa kidogo, wanaosha vyombo tena na tena.

Maneno hayo ndiyo tuliyorudi nayo nyumbani, nasi tumeyatafakari tangu siku ile.

Huku kwetu kuna msemo usiosemwa kwa sauti lakini unaaminiwa na wengi: divai ni ya kanisani, nayo ni njema, uraka ni wa kilabuni, nao ni mwovu. Baada ya kusimama kwenye tangi lile hatuwezi tena kusema hivyo kwa dhamiri safi. Mabibo yetu yanapokamuliwa na kuachwa, chachu ile ile inakula sukari ile ile na kuacha kileo kile kile. Tofauti iko katika kiasi, na katika usafi. Wala tusiseme kwamba uraka unatengenezwa na watu wabaya. Wengi wanaokamua mabibo ni mama zetu na dada zetu, nao wamelipa karo na kununua madaftari kwa fedha hiyo. Gongo ni jambo jingine, kwani ni kileo kilichokusanywa kwa moto katika madebe, hakuna anayepima kilichomo, na sheria inaikataza kwa sababu zilizoonekana makaburini. Lakini hata gongo, ukiuliza asili yake, ni bibo. Na bibo aliliumba Mungu.

Basi, je, ubaya uko wapi? Wengi watasema: uko katika matumizi, haumo katika kitu. Maandiko yanaelekea huko. Nuhu alipanda mizabibu akalewa, akaaibika mbele ya wanawe; lakini mzabibu haukulaaniwa. Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Lakini aliwakemea Wakorintho waliolewa penye meza ya Bwana huku wenzao wana njaa. Zaburi ya 104 inaihesabu divai pamoja na mafuta na mkate katika mema ya Mungu. Hili ni jibu zuri, na kwa muda tuliridhika nalo.

Lakini tulipokuwa njiani kurudi tuliona kwamba jibu hilo halijamfikia ndugu yetu. Kumwambia, “Ndugu, si kitu, ni matumizi, tumia kwa kiasi,” ni sawa na kumwambia mtu aliyevunjika mguu kwamba barabara haina kosa. Ni kweli barabara haina kosa. Lakini hawezi kutembea! Kiasi ni sheria ya mwenye uwezo wa kiasi. Wako watu ambao kwao kikombe cha kwanza ndicho kinachoamua kikombe cha kumi, nao hawakuchagua kuwa hivyo. Taa yao inazimika mlangoni. Mwenye busara akiona taa imezimika haingii, wala hatumwiti mwoga.

Tena tuliona kosa letu juu ya wenzetu wa Dodoma. Tulidhani wanaikataa zawadi ya Mungu. Sasa twaona kwamba wengi wao, kama mama yule, walimzika ndugu, ndipo wakaiacha. Kuacha kitu chema kwa ajili ya mwenzio aliye dhaifu si kukitukana kitu hicho. Ndiyo maana Mtume alisema yuko tayari kutokula nyama maisha yake yote kama ingemkwaza ndugu yake. Wao nao, tukiwa wakweli, wana jaribu lao, nalo ni kumhesabu kila anywaye kuwa amepotea. Mwenye kunywa kwa shukrani na mwenye kuacha kwa upendo wote wawili wameilinda zawadi. Asiyeilinda ni yule asemaye, “Hainihusu.”

Na hapo tunamrudia mama wa Hombolo, kwa heshima. Ni kweli hakupewa koo la kila mtu. Lakini hata yeye hakuishia hapo, maana moyo wake ulimrudisha kwa kaka yake. Nasi tusiishie hapo. Anayekamua mabibo na kumwuzia mtu ambaye watoto wake wanalala na njaa, anajua anachokifanya. Anayemlazimisha mwenzake anywe arusini, akimwambia, “Leo tu, usituaibishe,” anajua. Na kanisa linalokaa kimya siku ya korosho kulipwa, kisha linahubiri siku ya mazishi, linajua pia. Divai huwa siki kwa kuachwa tu. Si lazima mtu atie kitu kibaya ndani yake. Tumewaacha wenzetu hivyo mara nyingi.

Kuna jambo lingine hatuwezi kulipita. Zabibu haingoji. Korosho ikikauka mkulima anaweza kuiweka ghalani akisubiri mnada. Lakini zabibu iliyokatwa inaharibika kwa siku chache, hivyo mkulima asiye na mnunuzi hana nguvu ya kubishana juu ya bei. Kiwanda cha umma cha Dowico hatimaye kilifungwa. Viwanda vingine vimekuja, lakini ziko nyakati ambazo wakulima wa Dodoma wameona zabibu zao zikioza kwa kukosa soko. Tunapotoa divai altareni tunasema kwamba ni tunda la mzabibu na kazi ya watu. Yafaa tuulize kama watu hao wamelipwa. Yakobo katika waraka wake anasema kwamba ujira ulionyimwa wavunaji unapiga kelele, na kelele zake zimefika kwa Bwana. Kama ubaya unaweza kuingia kikombeni, labda unaingia kwa mlango huo kuliko kwa mlango wa chachu.

Mwenzetu mmoja, kijana, aliuliza: “Askofu Lucas aliliingiza jando katika Ukristo hapa Masasi. Kwa nini basi tusiweke uraka altareni?” Swali si la mzaha. Tulimjibu kwamba jando ni desturi yetu, na askofu aliitakasa; lakini kikombe si desturi yetu wala ya Waingereza wala ya Wagogo. Tumekipokea kama kilivyotolewa usiku ule wa kusalitiwa, na Kanisa zima linakishika hivyo ili tujue kwamba tunakula meza moja. Kwa sababu hiyo hiyo, Mkutano wa Maaskofu wa Lambeth wa mwaka 1888 ulikataa badala ya divai ya kweli yatumiwe maji ya zabibu yasiyochacha. Huko Marekani, tangu mwaka 1869, Mmethodisti mmoja, Thomas Welch, alikuwa amekwisha kuyatengeneza kwa ajili ya Komunio, kwa kuwahurumia walevi. Hatumcheki Welch, aliliona swali la ndugu yetu kabla yetu. Lakini Kanisa letu lina njia nyingine, nayo ni ya zamani zaidi.

Njia hiyo ndiyo tuliyokwenda kumwambia ndugu yetu, jioni moja, nyumbani kwake. Watu wa kanisa wasinyimwe kikombe: hilo Waanglikana tumelishika tangu matengenezo. Lakini tangu mwanzo wa matengenezo hayo, mwaka 1547, ilikubaliwa kwamba penye lazima mtu aweza kupokea kwa namna moja. Na mapadre waliotulea walitufundisha kwamba Kristo hagawanyiki. Apokeaye Mkate peke yake amempokea Bwana mzima. Basi tulimwambia: njoo, piga magoti pamoja nasi, pokea Mkate, kikombe kikifika, inamisha kichwa, nacho kitapita. Hujapungukiwa kitu, wala hujamkosea mtu. Padre ameridhia. Wala hutapiga magoti peke yako, kwa maana mmoja wetu, asiye na udhaifu huo, ameomba kukaa karibu nawe na kupokea kama wewe, ili macho ya watu yasikuchome.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: “Na huko nje, ndugu zangu? Hapa kanisani kikombe kitanipita. Lakini msimu wa mabibo unakuja, nami nyumba yangu iko kati ya vilabu viwili.”

Kwa swali hilo hatukuwa na jibu la kitabu. Tulikubaliana kwamba mmoja wetu atapita kwake kila jioni, tangu mwezi wa Oktoba hadi mabibo yaishe, kwa mazungumzo tu na chai. Ni jambo dogo. Lakini tulikwisha kuonyeshwa Dodoma kwamba divai haikai divai kwa kuombewa tu; kuna mtu anayeamka usiku kwenda kupima joto la tangi.

Jumapili iliyofuata alipiga magoti pamoja nasi, akapokea Mkate. Kikombe kilipofika aliinamisha kichwa, nacho kikapita.

Basi wapendwa, je, ubaya umo kikombeni? Sisi twasema, la. Wema umo humo, uliotoka katika udongo mkavu na mikono ya watu, hata kabla haujawekwa wakfu. Lakini zawadi ya Mungu haijilindi yenyewe, na ndugu yetu kadhalika. Tumekabidhiwa vyote viwili. Bwana aliye Mzabibu wa kweli atuwezeshe kuvilinda, wala asituache tukawa siki.